Mimi Nimo Wapi Humu? Nyumba za Wakfu, Amana za Ardhi na Hati Tusizozisoma

Baadhi ya misahafu ya kale iliyonakiliwa kwa mkono huko Siyu, kisiwani Pate, ina neno "wakfu" limeandikwa kwenye kurasa zake. Msomaji wa wakati ule hakuhitaji kuelezwa zaidi. Kitabu hiki kimetolewa kwa ajili ya Mungu: hakiuzwi, hakirithiwi, hakigeuzwi kuwa mali ya mtu. Ukikifungua, chenyewe kinakwambia.

Nyumba haina bahati hiyo. Nyumba iliyowekwa wakfu hufanana na jirani yake iliyojengwa kwa ajili ya kupangisha. Ukuta ule ule wa mawe ya matumbawe, mlango ule ule, baraza ile ile. Tofauti yote iko kwenye karatasi, na karatasi yenyewe iko mahali pengine: kabatini kwa msimamizi, kwa kadhi, au kwenye ofisi ya ardhi ambako faili huwa "imetoka, njoo wiki ijayo".

Ndugu msomaji, sisi tunaopenda vitabu tunaweza kubishana usiku kucha juu ya neno moja la utenzi. Lakini hati, ambayo nayo ni maandishi na ina athari kubwa kuliko utenzi wowote juu ya paa la mtu, tunaiachia mawakili. Mimi ni mwandishi wa habari, na kwa muda sasa nimekuwa nikisoma historia ya nyumba na ardhi zilizotolewa kwa ajili ya jamii: Mombasa, India, Georgia kule Marekani, mpaka Voi hapa hapa kwetu. Kila nilipogeuka nimekuta jambo moja. Zawadi ya nyumba hudumu pale ambapo waliopewa wanaweza kuisoma hati yake. Wasipoweza, atawasomea mtu mwingine, tena kwa namna inayomfaa yeye.

Kesi iliyosomwa London

Wakfu una watu wake. Kuna mtoaji, anayeifunga mali yake isiuzwe wala kurithiwa. Kuna wanufaika, wanaopata manufaa: msikiti, maskini, wasafiri, au hata kizazi chake mwenyewe. Na kuna mutawali, anayekusanya kodi, anayekarabati na kugawa. Huyu mutawali hamiliki kitu. Ni mlinzi tu. Pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia Lamu hadi Unguja, nyumba nyingi ziliingia kwenye mpango huu, na mtoaji wa kawaida hakuona ajabu kuwaweka watoto na wajukuu wake mbele, kisha maskini mwisho, endapo ukoo utakatika. Kwa Waislamu wa pwani, ambao wengi ni wa madhehebu ya Shafi, hiyo ni sadaka halali. Kumtunza wa kwako nako ni kutoa.

Wakoloni walipokuja na mahakama zao, karatasi ile ile ilianza kusomwa kwa macho mengine. Mwaka 1894, katika kesi iliyotoka Bengal, majaji wa mahakama ya mwisho ya rufaa ya makoloni, iliyokaa London, waliamua kwamba wakfu wa namna hiyo ni sadaka ya jina tu, kwa sababu fungu la maskini liko mbali mno. Kelele zilipigwa India, na mwaka 1913 ikatungwa sheria ya kuurudishia wakfu wa familia uhalali wake. Lakini sheria ya India ilikuwa ya India. Familia moja ya Kenya ilipopeleka mgogoro wake hadi mahakama hiyo hiyo, katika kesi ya Bakhshuwen inayopatikana kwenye ripoti za sheria za 1952, majaji walirudia msimamo wa 1894. Wakfu ukaanguka.

Hebu tulia hapo kidogo. Mtu wa pwani ameandika nia yake kwa mujibu wa dini yake, mbele ya mashahidi wake. Miaka inapita. Halafu watu walio umbali wa bahari mbili wanatumia uamuzi wa kesi ya Bengal kuamua kwamba alichoandika hakikuwa na maana aliyoikusudia. Hakuna aliyechana hati. Waliisoma tu. Nchini Kenya, Sheria ya Makamishna wa Wakfu ya 1951 ndiyo iliyokuja kuutambua wakfu wa familia. Ilidumu miongo mingi, hadi Sheria ya Wakfu ya 2022 ilipochukua nafasi yake.

Ni rahisi kusema hayo ni ya zamani. Mimi siwezi. Miaka michache iliyopita nilikuwa Mombasa kikazi, na bibi mmoja aliyekuwa akiishi kwenye nyumba ya wakfu aliniomba nimsomee barua aliyoletewa. Ilikuwa kurasa tatu za Kiingereza. Nikasoma, nikatafsiri. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, hebu rudia polepole. Mimi nimo wapi humu?"

Nikamwambia, "Bibi, jina lako halimo. Kuna neno wanufaika."

"Na hao wanufaika ni kina nani?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu jibu lilikuwa kwenye hati ya awali, na hati ya awali yeye hajawahi kuiona. Marehemu mumewe pia hakuwahi kuiona. Amezaa na kulea katika nyumba ile kwa maneno ya karatasi ambayo hajui hata ina rangi gani.

Kutoa peke yake hakutoshi

Mwaka 1951, mwaka ule ule wa sheria ya Kenya, Vinoba Bhave, mfuasi wa Gandhi, alianza kutembea kwa miguu vijijini India akiwaomba wenye mashamba wawagawie wasio na ardhi. Watu walitoa. Mamilioni ya ekari yaliahidiwa. Ila sehemu kubwa haikuwahi kuwafikia waliokusudiwa: nyingine ilikuwa mbovu, nyingine ilibaki ahadi isiyofikishwa kwenye daftari la serikali. Na baadhi ya maskini waliopata vipande vyao, bila jembe wala mkopo, waliishia kuvipoteza kwa madeni. Vinoba na wenzake wakabadilisha mbinu: ardhi isitolewe kwa mtu mmoja mmoja, itolewe kwa kijiji kizima, kijiji kiishike, mtu aitumie.

Wazo hilo lilimvutia Mmarekani mmoja, Robert Swann, fundi na mpigania amani. Wakati huo huo, kusini mwa Marekani, wakulima Weusi waliothubutu kujiandikisha kupiga kura walikuwa wakifukuzwa kwenye mashamba ya wazungu waliyokuwa wakiishi. Kosa lako ni jina kwenye orodha ya wapiga kura, adhabu yako ni kulala nje. Charles na Shirley Sherrod, Slater King na wenzao wa Albany, Georgia, waliona kwamba haki ya kura bila mahali pa kulala ni haki ya mashaka. Mwaka 1968 ujumbe wao, Swann akiwemo, ulisafiri hadi Israel kuchunguza jinsi ardhi inavyoweza kushikwa na chombo kimoja na kukodishwa kwa watu wengi. Mwaka 1969 wakaunda New Communities, na mwaka uliofuata wakakamilisha ununuzi wa ardhi katika kaunti ya Lee, takriban ekari 5,700. Hiyo huhesabiwa kuwa amana ya kwanza ya ardhi ya jamii nchini Marekani.

Mpango wa kujenga makazi ulikwama pale gavana wa jimbo alipozuia fedha za serikali kuu. Wakabaki na kilimo. Ukaja ukame, wakaomba mkopo wa dharura kutoka idara ya kilimo, mkopo ukacheleweshwa. Mwaka 1985 ardhi yote ikaenda. Wengi wangeishia hapo. Lakini mwaka 1999, wakulima Weusi waliofungua kesi ya pamoja dhidi ya idara hiyo kwa ubaguzi walifikia suluhu, na New Communities nao wakaingiza dai lao. Mwaka 2009, baada ya mvutano mrefu, waliamuliwa kulipwa takriban dola milioni 12, wakanunua ardhi nyingine karibu na Albany. Ushahidi wa nani aliomba nini, lini, na alijibiwaje, ulikuwa na uzito zaidi ya miaka 20 baadaye.

Nyumba inapotolewa kwa amana

Mfumo ulioanzia kwenye mashamba ya Georgia ulihamia mijini. Burlington, Vermont, ambako leo utakuta pia wakimbizi wanaozungumza Kiswahili kutoka Kongo na Burundi, ilianzisha amana yake mwaka 1984 kwa dola 200,000 za manispaa, wakati Bernie Sanders akiwa meya. Amana za aina hii hununua ardhi, lakini pia hupokea nyumba za kupewa. Na namna zinavyopokea inafaa kuangaliwa kwa karibu, maana ndipo wakfu wetu mwingi unapovuja.

Kwanza, zawadi haipokelewi kwa shukrani tu. Huulizwa: nyumba ina deni la benki? Kodi ya ardhi imelipwa? Kuna mrithi atakayeibuka kesho? Paa litagharimu kiasi gani? Nyumba inayokuja na deni kuliko thamani yake ni mzigo uliofungwa utepe. Pili, mtoaji ana njia kadhaa. Anaweza kuitoa sasa hivi, kuiandika kwenye wasia, kuiuza kwa bei ya chini ili tofauti iwe ndiyo mchango, au kuitoa leo huku akibaki na haki ya kuishi humo mpaka siku atakapokufa. Hii ya mwisho mzee yeyote wa pwani angeielewa bila mhadhara.

Kisha hufanywa jambo ambalo ndilo moyo wa mfumo: nyumba na ardhi hutenganishwa. Amana hubaki na ardhi daima. Nyumba huuzwa kwa familia ya kipato cha chini kwa bei inayowezekana, na familia hiyo hukodishiwa ardhi iliyo chini yake, kwa kawaida kwa miaka 99, mkataba unaoweza kurithishwa. Siku wakitaka kuhama, huuza kwa kanuni iliyoandikwa. Burlington, kwa mfano, muuzaji amekuwa akipata pamoja na alichokwisha kulipa robo ya ongezeko la thamani, asilimia 25. Sehemu iliyobaki humfanya mnunuzi anayefuata naye apate nyumba kwa bei nafuu. Na katika bodi, kwa mfumo uliozoeleka, theluthi moja ni wakaazi wenyewe, theluthi majirani, theluthi watu wa kusimamia maslahi ya umma.

Kwa Mombasa, kumiliki nyumba bila ardhi si habari mpya. Majengo na mitaa mingine imejaa watu waliojenga nyumba juu ya kiwanja cha mtu, wakilipa kodi ya ardhi, na wasio na uhakika mwenye kiwanja akiuza itakuwaje. Umbo ni lile lile, nyumba huku, ardhi kule. Kinachobadilika ni mwenye ardhi: kule Majengo ni mtu mwingine, kwenye amana ni chombo ambacho wewe mwenyewe una kiti ndani yake na mkataba mkononi.

Sasa, mkataba huo ni mrefu na mgumu. Hata wenyewe wanajua. Kwa hiyo kwenye mkataba wa mfano unaotumiwa na amana nyingi za Marekani kuna kitu kilichonifurahisha kuliko vyote: kabla ya kutia saini, mnunuzi hupata wakili wake mwenyewe, si wa amana, kisha huambatanishwa barua mbili. Wakili anathibitisha kwamba amemweleza mteja wake. Na mnunuzi mwenyewe anaeleza alivyoelewa: kwamba ardhi si yake, kwamba bei ya kuuza ina mpaka, kwamba watoto wake wanaweza kurithi. Barua hizo zinakaa pamoja na mkataba.

Yaani mfumo haukuishia kuuliza, "Umesaini?" Umeuliza, "Umeelewa nini?" Fikiria kama kila hati ya wakfu ingekuwa na karatasi moja ya ziada, kwa Kiswahili, inayosema ni nani aliye ndani yake.

Voi: mahali tulipojaribu

Watu wengi hawajui kwamba Kenya iliwahi kulijaribu hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika mtaa wa Tanzania-Bondeni mjini Voi, kwenye mradi wa kuendeleza miji midogo uliosaidiwa na Wajerumani kupitia GTZ, wakaazi walielezwa njia mbalimbali za kumilikishwa ardhi waliyokuwa wamejenga bila hati. Wakachagua amana ya ardhi ya jamii. Sababu yao ilikuwa na akili: mtaa wa maskini ukigawiwa hatimiliki za mtu mmoja mmoja, wenye pesa huja na mifuko, na baada ya muda mfupi maskini wale wale wanatafuta mtaa mwingine wa kuvamia.

Tatizo, sheria ya Kenya haikuwa na kitu kinachoitwa hivyo. Ikabidi kiungwe kwa vipande. Chama cha wakaazi kikasajiliwa kwa sheria moja, wadhamini kwa sheria nyingine, ardhi ikakusudiwa kukodishwa kwa amana, na amana nayo iwakodishie wanachama. Mkazi wa kawaida alikuwa mwanachama wa kitu kimoja, mnufaika wa kitu cha pili na mpangaji wa kitu cha tatu, na vyote hivyo vilimhusu kupitia karatasi za Kiingereza cha wanasheria.

Wataalamu kama Saad Yahya na Ellen Bassett wameandika juu ya Voi kwa undani. Picha inayotokea ni ya mafanikio yenye doa. Watu hawakufukuzwa, mtaa ulipangwa, nyumba zikaboreshwa. Lakini taratibu za hati zilijikokota, na kadiri muda ulivyokwenda, wakaazi wengi walionekana kutamani hatimiliki ya kawaida, ile yenye jina la mtu mmoja. Muundo wenyewe haukuenea nchini.

Wengine husema hiyo ni hulka yetu, kwamba Mkenya hawezi ardhi ya pamoja. Sikubali. Wakfu umekaa pwani karne kadhaa, nao ni mali ambayo hakuna anayeiuza. Ninavyoona mimi, hatimiliki ya mtu binafsi ina nguvu moja ambayo amana ya Voi haikuwa nayo: hata asiyejua Kiingereza anaijua akiiona. Ina jina lake. Ina namba ya kiwanja. Unaikunja, unaiweka kwenye bahasha, unaifungia sandukuni chini ya kanga. Ukimpa mtu uchaguzi kati ya haki kubwa asiyoweza kuisoma na haki ndogo anayoiona jina lake, utamlaumu kwa kuchagua ya pili?

Lugha ya hati

Leo kisingizio kimepungua. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 7, inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, sawa na Kiingereza, na inaitaka Serikali iendeleze lugha ya ishara ya Kenya na breli. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo kwa Serikali, na hata zilizo kwa mtu mwingine endapo anazihitaji kulinda haki yake. Mimi nasoma hapo hata kabati la mutawali. Tanzania nako, marekebisho ya sheria ya 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama.

Lakini kifungu hakijisomi chenyewe. Hati inayofikika, kwa maoni yangu, ina mambo manne. Iwe kwa lugha ya anayeishi humo. Nakala iwe mkononi mwake, si "ipo ofisini". Isomwe kwa sauti mbele ya watu, kwa ajili ya asiyejua kusoma na asiyeona. Na itaje kwa maneno ya kawaida nani anafaidika, nani anasimamia, na wa kulalamikiwa ni nani msimamizi akikosea. Hakuna kati ya hayo linalohitaji mfadhili wala semina hotelini. Kusoma kwa sauti ndiyo mila yetu ya zamani kabisa: tenzi zetu zilisikilizwa na watu wengi kuliko walioweza kuzisoma.

Kuna msomi, Monica Gaudiosi, aliyeandika mwaka 1988 kwamba kanuni za Merton College kule Oxford, za 1264, zinafanana mno na wakfu, na akapendekeza kwamba huenda Waingereza waliuchukua mfumo wao wa amana kutoka kwa Waislamu. Wanahistoria bado wanabishana. Kama ni kweli, basi lile umbo lililoletwa Voi kama jambo geni kutoka ng'ambo lilikuwa limesafiri mzunguko mrefu, likarudi umbali wa saa chache tu kwa gari kutoka misikiti ya Mombasa yenye nyumba za wakfu. Lilirudi na lugha nyingine, na hilo ndilo lililowachosha watu.

Kwa hiyo nina ombi. Kama unaishi kwenye nyumba ya wakfu, ya kanisa, ya ushirika, ya ukoo, au yoyote ambayo mwenyewe "ni sisi sote", kaombe nakala ya hati. Omba kwa adabu, lakini omba. Ukiipata, usiisome peke yako. Kusanya watu wa nyumba, wazee na watoto, mmoja asome, mwingine atafsiri, na kila mtu atafute jina lake au neno linalomtaja. Usiyemkuta humo, muulizie mapema, wakati waliotoa na waliosimamia bado wapo wa kuulizwa.